Nilivyothibitishwa Kupambana na Umaskini

Kwanza niseme wazi: sina ugomvi na shule. Nilisoma mpaka nikapata diploma ya serikali, nikafundisha watoto katika madarasa yasiyo na madirisha, na ninajua tofauti kati ya mtu aliyefundishwa na mtu aliyeokota maneno njiani. Ninachogombana nacho ni kile kitu kilichotupandia huku milimani Masisi, mashariki mwa Kongo, miaka hii ya karibuni, kikiwa kimevaa suti: sertifika ya umeneja wa kupambana na umaskini. Ndiyo, umesoma vizuri. Kuna watu walikaa mahali penye hewa ya mashine, wakaamua kwamba umaskini una mameneja wake, na kwamba meneja asiye na karatasi hana ruhusa ya kuusumbua.

Wakati huo nilikuwa kiongozi wa chama kidogo katika vilima vinavyopanda nyuma ya Kirotshe, mahali ambapo ukigeuka unaliona ziwa chini na mabati ya hospitali yanamulika. Ofisi yetu ilikuwa chumba cha mbao chenye meza moja na kashe, yaani ule muhuri ambao kwetu unaheshimiwa kuliko mtu anayeushika. Tulikuwa na zizi la mbuzi na stoo ya majembe, lakini kazi yetu ya maana ilikuwa moja tu: bonde. Chini ya kilima kuna bonde lenye maji, halikauki hata jua likiwa kali. Humo walilima wajane, familia zilizokimbia vita, na wanawake ambao waume zao walikwenda Rubaya kubeba magunia ya madini ya koltani mgongoni wakasahau njia ya kurudi. Walipanda maharagwe, viazi na kabeji, na mashamba ya juu yalipokauka, wao walikuwa bado na chungu jikoni. Mfadhili wetu, shirika la mbali ambalo sitalitaja, alitoa mbegu, majembe na mshahara wangu. Bonde hakulitoa yeye. Bonde lilikuwa la chifu.

Hapo lazima nieleze, maana bila hilo hutaelewa upuuzi uliofuata. Kwetu ardhi ya chifu haiombwi kwa barua. Unaiomba kwa mdomo wako, na kila mwaka kabla ya kupanda, wewe mwenyewe uliyeiomba unakwenda kwake na mutulo: mbuzi na bidoni ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Unavuta mrija wa kwanza ili aone hukuleta sumu, naye anavuta wa pili, halafu anatamka mbele ya watu wake kwamba shamba bado liko mikononi mwako. Basi, yamekwisha. Usipokwenda, hakuna atakayekufukuza. Inaeleweka tu kwamba umelirudisha.

Chifu wetu simtetei. Ni mtu wa tamaa. Anampapasa mbuzi mgongoni kabla hajakusalimia wewe, na ana tabia ya kuongea kwenye simu zake mbili huku umesimama na kamba mkononi. Lakini neno alilolitamka mbele ya watu hajawahi kulimeza. Wenye bunduki wamebadilishana juu ya vilima hivi mpaka tumechoka kuuliza nani yuko leo, na katika fujo yote hiyo lile neno la kwenye kasiksi halikuwahi kutuangusha.

Basi, mwaka mmoja mfadhili akatuita mkutanoni. Mjumbe wake alikuwa na maji ya chupa mbele yake na tabasamu la mtu anayeleta habari njema. Alisema kwamba kuanzia msimu ujao kila chama lazima kiongozwe na meneja aliyethibitishwa. Chama ambacho kiongozi wake hana sertifika kitakabidhiwa mtu mwingine aliye nayo. Nikainua mkono, nikauliza habari ya sisi tuliofanya kazi hii tangu yeye hajajua Masisi iko upande gani wa ramani.

"Mama, uzoefu ni kitu kizuri," alinijibu, "lakini hauna sahihi."

Niliona haya kwa niaba yake, kwa kuwa mwenyewe hakuwa na haya. Lakini nilinyamaza, maana hesabu yangu ilikuwa fupi. Nikikosa karatasi, ataletwa mgeni. Mgeni huyo hatakwenda kwa chifu, na akienda atakwenda vibaya. Na kulikuwa na tajiri mmoja wa ng'ombe, jirani wa chifu, aliyekuwa akilimezea mate bonde letu tangu zamani, kwa sababu majani yake hayanyauki. Kwa hiyo nilikwenda kutafuta sertifika, mimi mwanamke wa mvi, kwa ajili ya maharagwe ya watu.

Mafunzo yalifanyika pale chini Kirotshe, katika ukumbi wa mfanyabiashara mmoja mwenye asili ya Butembo, Mkatoliki wa kweli aliyetundika rozari juu ya mlango wa duka lake la simenti na mabati. Ukumbi ulikuwa ghorofani. Kila gari la simenti lilipofika chini, vumbi lilipanda kwenye ngazi na kutukalia kwenye daftari, na mwalimu wetu alisimama kujifuta viatu. Alikuwa kijana aliyeletwa kutoka mjini, mwenye viatu vya ncha, kompyuta, na kamba shingoni yenye kadi ya jina lake. Alituita "wanataaluma wa umaskini". Nilitazama wenzangu kama kuna atakayecheka. Hakuna. Walikuwa wanaandika.

Kando yangu alikaa mwenzangu kutoka Kibua, kule Walikale, kiongozi wa chama cha wakulima kama mimi. Alikuwa amesafiri kwa pikipiki mpaka tope lilimfika kwenye nyusi, na alipofika jambo la kwanza aliloomba si maji, ni fomu ya kujiandikisha. Mtu huyu alikuwa na sertifika za kila aina: usimamizi wa migogoro, ufugaji wa samaki ingawa hakuwa na bwawa, usawa wa jinsia ingawa mke wake ndiye aliyekuwa akimbebea mizigo mpaka barabarani. Alizitundika zote ukutani kwake, na paa lilipovuja alihamisha kitanda, si sertifika. Nilimpenda lakini, maana hakujidanganya.

"Dada, weye andika tu," aliniambia siku ya kwanza, aliponiona nimekunja mikono. "Sertifika haiulizake kama unaamini."

Tulifundishwa maana ya umaskini. Ilichukua asubuhi nzima. Mwalimu alitugawia vipande vya karatasi vyenye gundi, tukaambiwa tuchore mti, mizizi iwe sababu na matawi yawe matokeo. Watu wazima waliozika watoto wao kwa kukosa dawa wakagombana kama ukosefu wa dawa ni mzizi au ni tawi. Mchungaji mmoja wa kanisa akasema ni shina. Mwalimu akampongeza, akabandika shina. Mchana tulikula wali na nyama katika sahani za karatasi, na niliwaona watu wale wale wakifunga mapaja ya kuku kwenye leso kupelekea watoto. Hapo palikuwa na somo zuri kabisa la umaskini, lakini halikuwa kwenye kompyuta, kwa hiyo halikufundishwa.

Kisha ikaja siku ya maadili. Kila mmoja wetu alipewa kadi ya kijani na kadi nyekundu. Mwalimu alisoma tukio, na sisi tuliinua kijani kama meneja amefanya vema, nyekundu kama amefanya rushwa. Matukio ya kwanza yalikuwa mepesi: meneja anauza mbegu za mradi sokoni, nyekundu, meneja anamwajiri shemeji yake, nyekundu, ingawa kulikuwa na kukohoa hapa na pale. Halafu akasoma: meneja anampelekea chifu mbuzi na pombe ili wanawake waruhusiwe kulima.

Ukumbi mzima ukawa mwekundu. Nisikilize vizuri: katika ukumbi ule hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye chama chake kililima bila mutulo. Wa Masisi walipeleka mbuzi, wa Walikale walipeleka mbuzi na wakati mwingine nyama ya porini juu yake. Mchungaji yule alikuwa ametoka kulalamika wakati wa chai kwamba chifu wake alikataa mbuzi mwembamba. Na wote, mchungaji pamoja nao, waliinua nyekundu juu kabisa, wengine kwa mikono miwili. Mwenzangu wa Kibua aliinua yake huku akitazama dirishani.

Mimi niliinua kijani.

"Mama," mwalimu akasema kwa upole ule wanaotumia kwa wagonjwa, "ile inaitwa korupsio."

"Hapana, mwana wangu. Ile inaitwa mutulo."

"Jina si shida, Mama. Unapatia otorite kintu juu akufanyie kazi yake."

"Udongo si kazi yake. Udongo ni yake. Weye ukilala mu nyumba ya muntu, haulipake?"

Watu wakacheka, kisha wakakumbuka wanachotafuta pale, wakaacha. Mwalimu akaeleza kwamba sheria ya nchi inasema ardhi ni ya serikali. Nikamwuliza serikali inakaa kilima kipi, niipelekee mbuzi. Hilo halikuchekesha. Aliandika kitu kwenye kompyuta, na mwenzangu akanikanyaga mguu chini ya meza.

Wakati wa mapumziko niliwafuata mmoja mmoja kwenye ngazi. Je, mwaka huu hutapeleka mbuzi? "Eh, Mama, nitapeleka. Nitafanya namna gani?" Na ile nyekundu? "Ile ilikuwa ya formasiyo, ya mafunzo tu." Nilikasirika mpaka nikaiacha chai yangu kwenye ngazi. Mtu anaweza kudanganya kwa sababu ya njaa, nikamwelewa. Hawa walidanganya kwa pamoja, kwa raha, kama wanaimba kwaya, na kila mmoja alijua sauti ya mwenzake.

Nami nikaimba. Mtihani wa mdomo ulikuwa mbele ya majaji, mezani kukiwa na kitambaa cheupe na maua ya plastiki. Waliniuliza ningefanya nini chifu akitaka zawadi. Nikawaambia ningeandika barua rasmi, ningeomba sahihi ya kupokelewa, ningeandaa kikao cha uhamasishaji na kutoa taarifa kwa ngazi ya juu. Walitikisa vichwa kwa furaha. Jaji mmoja alifumba macho kama anayesikiliza muziki. Nikatia sahihi kwenye kanuni za maadili, na hapo ndipo nilipothibitishwa.

Sherehe ilikuwa ya kuona. Tulikodishiwa majoho meusi ambayo yalikuwa yamepita kwenye jasho la wahitimu wengi kabla yetu, na kofia bapa ambayo juu ya kitambaa changu cha kichwa ilikataa kukaa. Kwetu mtoto akifaulu mtihani wa serikali humwagiwa pudre nyeupe kichwani na usoni, anatembezwa barabarani akiwa mweupe kama gunia la unga, na watu wanapiga kelele. Sasa wanawake wa bonde walikuwa wamesikia kwamba mama yao amefaulu. Walishuka kilima kwa wimbo. Pudre ya dukani hawakuwa na uwezo nayo, kwa hiyo waliniletea unga wa muhogo, wakanimwagia mimi na joho la kukodi, mbele ya mjumbe wa mfadhili aliyekuwa akisema juu ya kupunguza njaa.

Niliwaambia waache, kwamba huo ni ugali wa jioni yao. Mmoja wao, mama aliyekuwa msemaji wa kundi, aliyekimbia kutoka upande wa Rubaya na watoto wake wote mgongoni na mikononi, alinifuta jicho kwa kidole akacheka.

"Tutalala vile, Mama. Leo si bonde ilishapona?"

Niliumia. Wao peke yao katika sherehe ile walijua kwa nini wanashangilia. Waliamini karatasi imelinunua bonde, kumbe karatasi ndiyo ilikuwa imenifunga mikono.

Msimu ulipokaribia, mwalimu alinijia kilimani. Sasa hakuwa mwalimu tena, alikuwa "msindikizaji". Kazi yake ilikuwa kuangalia kama waliothibitishwa wanatenda waliyothibitishwa. Alikuja na viatu vile vile vya ncha, na tope letu likavikaribisha vizuri. Alikagua zizi la mbuzi, akabandika kila mbuzi namba sikioni, akaniambia kwamba hao ni mali ya mradi na hatoki hata mmoja bila kibali. Nikamweleza kwamba siku ya mutulo imefika. Akatabasamu. Alifurahi hasa, maana aliona ametua mahali pa kufanyia somo.

Tuliandika barua. Yaani aliandika yeye, nikapiga kashe. Ilikuwa barua nzuri, yenye namba juu na nakala kwa watu ambao hawajawahi kufika kwetu. Nikamwambia nitakwenda naye basi, angalau chifu auone uso wangu. Akakataa. Alisema nikienda mimi mambo yatageuka ya kindugu, na ya kindugu ndiyo chanzo cha rushwa. Akapanda peke yake, akifuatana na mpanda pikipiki wake.

Aliporudi hakuwa akitabasamu, lakini alikuwa na nakala yake. Mpanda pikipiki, ambaye alikuwa karibu kupasuka kwa kicheko, ndiye aliyenihadithia. Chifu alimpokea vizuri, akampa kiti. Kisha akachungulia nyuma yake, kushoto na kulia.

"Mbuzi iko wapi?"

Mwalimu akampa barua. Chifu akaisoma yote, maana chifu wetu anasoma vizuri kuliko wanavyodhani, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu kingine.

"Ile muntu mwenye alikunywa na mimi iko wapi? Alikufa?"

Mwalimu akasema sikufa, ila sasa mambo yanapitia ofisini. Chifu akasema vizuri, vizuri kabisa. Akatia sahihi ya kupokea mahali alipoonyeshwa, akamrudishia nakala, akamtakia safari njema. Mwalimu akaandika katika ripoti yake kwamba mamlaka ya kijadi imehamasishwa kwa mafanikio.

Haukupita muda, ng'ombe wakaingia bondeni.

Waliingia asubuhi, wakati wanawake wanashuka na majembe. Wachungaji wao hawakuwa na ukali wowote. Walisema chifu amempa tajiri wao bonde kwa kuwa mwenyewe amelirudisha. Matuta yaliyokuwa tayari kwa mbegu yalikanyagwa yakawa uji. Wanawake walisimama ukingoni na mbegu vichwani, hawajui wazipeleke wapi, kisha wakaja ofisini kwangu. Nilikuwa nimetundika sertifika juu ya meza kwa sababu kanuni zilitaka ionekane. Msemaji wao hakuitazama.

"Mama, weye njo ulituombea ile bonde," alisema. "Si karatasi. Wewe. Sasa batoto batakula nini mu kiangazi? Turudie Rubaya, tubebe mawe?"

Nilimpigia mwalimu simu. Alisema tuitishe kikao cha wadau. Nikamwuliza kama ng'ombe ni wadau. Alisema anaelewa uchungu wangu, lakini kama ningepanda kwa chifu na mbuzi, angelazimika kuandika.

"Andika," nikamwambia. "Weka na rangi yake. Iko nyeusi, na doa mweupe mu tumbo."

Huyo hakuwa mbuzi wa mradi. Alikuwa wangu, jike niliyemlea nyuma ya nyumba, mwenye mimba, na nilikuwa nimemwekea mipango yangu. Nikamfunga kamba. Kasiksi nikaipata kwa jirani, nikaibeba bidoni mgongoni kwa utepe wa kichwa kama mama yangu alivyobeba. Njiani watu walinisalimu, "Mama Meneja!", na sikujua kama ni heshima au ni kejeli. Nadhani ilikuwa vyote.

Chifu alinisubirisha. Alimaliza simu ya kwanza, akaanza ya pili. Alimpapasa mbuzi, akagundua mimba, uso ukamng'aa, na mimi nikamchukia kwa moyo wangu wote. Kisha akanigombeza mbele ya watu wake. Alisema nimesoma nikasomeka, nimemtuma kitoto na viatu vya sherehe kuja kumfundisha udongo wake. Alisema nimekuwa mzungu wa Kirotshe. Nilikaa kwenye kigoda nikameza yote, maana nilikuwa nimemeza mengi zaidi pale juu ya duka la simenti na huko hawakunipa hata bonde. Nikavuta mrija wa kwanza. Naye akavuta, akavuta tena, akafuta midomo.

"Muntu yangu amerudia," akawaambia watu wake. "Bonde iko yake. Mwenye ngombe atoe ngombe."

Na walitoka. Kesho yake wanawake walikuwa ndani ya tope wakiinua matuta upya.

Mwalimu naye alitimiza neno lake, nampa haki yake. Niliitwa Goma, nikakaa mbele ya kitambaa cheupe kama kile cha mtihani, labda ni kile kile. Waliniuliza kama nilijua kwamba nimevunja kanuni. Nikawaambia nilijua kabla hawajaziandika. Sertifika ikafutwa, na pamoja nayo mshahara. Nilikabidhi funguo na kashe. Jaji yule aliyefumba macho siku ya mtihani safari hii aliyafumbua, akaniambia kwamba anasikitika kwa sababu nilikuwa mmoja wa waliojibu vizuri kabisa.

Aliyeletwa mahali pangu alikuwa mwenzangu wa Kibua. Alifika na mkoba wa nguo na mkoba wa sertifika, na alipata haya kidogo kunitazama, jambo lililomfanya kuwa bora kuliko wote walionitazama kabla yake. Mimi nilikuwa nimepewa kipande changu bondeni na wanawake wenyewe, kati ya msemaji wao na mjane mmoja asiyesikia vizuri. Nililima. Sikufa. Mgongo ulilalamika, ukazoea.

Alipita kuandikisha watu upya, akanikuta nimeinama kwenye maharagwe. Alisimama ukingoni na kalamu.

"Dada, bananilazimisha niandike kila muntu iko mu kategori gani. Maskini sana, maskini, ao maskini kidogo."

"Andika unavyoona."

Alitazama miguu yangu, akatazama jembe, akaandika. Sikumwuliza aliandika nini.

Msimu uliofuata ulipokaribia, alikuja nyumbani kwangu mchana, akakaa, akanywa chai, akazunguka maneno mpaka nikachoka. Mwishoni akayatoa. Mutulo ungepelekwa na nani? Yeye hawezi, ametia sahihi. Na hata angeweza, chifu amesema hamjui. Anamjua muntu yake. Kwa hiyo ameona, kwa faida ya mradi, niende mimi. Mimi sasa sifungwi na kanuni yoyote.

"Na mbuzi inatoka wapi?"

"Ba mama batachanga. Mu zizi ya mradi siwezi kutosha hata mbuzi moja, dada. Unajua vile iko."

Nilijua vilivyo. Mameneja wenye sertifika wanabaki na mikono safi, na maskini wanatoa mbuzi ili mradi wa kuwaondoa katika umaskini uendelee. Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kihunde, kwa sababu Kiswahili hakikutosha, naye akasubiri nimalize, akamalizia chai yake. Kisha wanawake wakachanga, kila mmoja akatoa maharagwe aliyokuwa ameyaficha kwa ajili ya kupanda, tukanunua mbuzi, nikabeba kasiksi, nikapanda. Bonde likabaki letu. Ningefanya nini kingine?

Wakati wa mavuno mfadhili alimtuma msichana wa mawasiliano kutengeneza picha za video. Hakunijua, na mwenzangu wa Kibua hakunitambulisha. Alikuwa amesimama kando katika shati lililopigwa pasi. Tulipangwa mstari, na vikapu vya maharagwe mbele yetu. Msichana akanichagua mimi kwa sababu ya mvi, akaniomba nishike jembe juu kidogo, akanisogezea simu yake karibu na kinywa.

"Mama, utuambie tu kwa kifupi. Tangu mulipata meneja mwenye sertifika, maisha yako imebadilika namna gani?"

Mwenzangu akatazama viatu vyake.

"Zamani, nilikuwa nalipwa," nikasema.

Msichana akashusha simu, akafikiri kidogo, akafuta. Kisha akasogea kwa mama aliyefuata.